Miaka Yangu Nikiwa Dada wa Tanuru

Ilianza siku ya Jumatano, saa kumi na robo jioni, nikiwa nimejificha nyuma ya tanki la maji la kigango chetu hapa Matogoro. Sikuwa nimeiba kitu. Akina mama walikuwa wanatoka kwenye jumuiya, na mimi nilikuwa naona haya kuwasalimia wote mmoja mmoja huku wakiniuliza nimefaulu namba ngapi. Nilikuwa kidato cha kwanza. Nilikuwa naweza kuandika kurasa tano kuhusu mvua, lakini kumwomba mwenye duka chumvi nilikuwa namtuma mdogo wangu.

"Yusta, toka huko. Miguu inaonekana."

Huyo alikuwa Dada Agripina. Alikuwa ndiye Dada wa Tanuru wa kigango, yaani msimulizi wa hadithi yetu, na alikuwa anaondoka kwenda chuo cha uuguzi. Msichana aliyekuwa amemwandaa kushika nafasi yake alikuwa amehamia Tunduru na wazazi wake, ghafla, na sherehe ya kiapo cha Kikosi, chama cha wavulana wa kigango, ilikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata.

"Utasimulia wewe," akaniambia.

"Mimi? Dada, mimi siongei."

"Ndiyo maana. Wanaoongea sana nimewajaribu. Kila mmoja anaongeza chumvi yake, mpaka mmoja ameweka simba kwenye hadithi. Simba wa nini kwenye tanuru?"

Nikasema sitaweza. Akasema, "Basi kamwambie Gaspari mwenyewe kwamba mwaka huu tena hapati skafu." Akaondoka zake, mwendo ule ule wa kujua ameshashinda.

Gaspari ni mdogo wangu. Mwaka uliotangulia alikuwa amejifunza gwaride lote la Kikosi, akaugua malaria wiki ile ile ya kiapo, akawatazama wenzake wakivishwa skafu yeye akiwa amelazwa kwenye mkeka nje, amejifunika blanketi mpaka puani. Na kanuni ya Kikosi ni hii: Dada wa Tanuru asipoimaliza hadithi mbele ya watu, hakuna mvulana mpya anayeapishwa. Wote wanasubiri Juni nyingine. Sasa unaelewa kwa nini sikulala vizuri.

Leo nimemaliza kidato cha nne na nimestaafu. Ndiyo, nimestaafu, msicheke. Gaspari hucheka sana. Huniita "mzee mstaafu" na kuniuliza kiinua mgongo changu kitatoka lini. Lakini kazi nimeifanya miaka minne, na mtu aliyefanya kazi miaka minne ana mambo ya kuwaambia wanaokuja. Basi wewe binti utakayepokea, na nyinyi wadogo zangu wa Kikosi mnaodhani hadithi hujisimulia yenyewe, kaeni niwaambie.

Kwanza, kwa nini msichana? Swali hili utaulizwa kila mwaka na mgeni fulani. Jibu ni fupi. Kikosi ni cha wavulana, na wavulana wakijisimulia wenyewe hawamalizi kujisifu. Mimi nimewahi kusikia wakijaribu, kwenye mazoezi. Kilima kilikuwa mlima, tofali likawa jiwe, na babu wa kila mmoja ndiye alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Kwa hiyo wazee waliweka utaratibu: wao wanabeba, dada anasema. Asiyebeba ndiye anayeweza kusema waliobeba walivyobeba.

Na hadithi yenyewe ndiyo hii. Nakupa kama nilivyopewa, bila simba.

Zamani kigango chetu kilikuwa kinasali kwenye banda la kukaushia tumbaku. Banda lilikuwa linavuja, na Misa nzima watu walikuwa wanapiga chafya. Wakaamua kujenga. Matofali yakafyatuliwa na kuchomwa chini bondeni, karibu na kijito, kwa sababu huko ndiko kwenye udongo na maji. Kanisa likawa linajengwa juu, hapa lilipo. Gari halikuweza kupanda. Mvua zilikuwa zinakaribia, na mvua ikishaanza, njia ile inakuwa sabuni. Wanaume wote walikuwa mashambani wanatayarisha ardhi ya mahindi. Mwalimu wa dini akawaita wavulana wa katekisimu.

Wavulana wakaja. Kila mmoja akachukua tofali lake na kukimbia nalo kilimani. Wakashindana. Wakasukumana. Wakaangusha. Mpaka mchana walikuwa wamefikisha matofali machache na magoti mengi yaliyochubuka.

Aliyewachomea matofali alikuwa fundi Mwislamu, Mzee Athumani, mtu wa Nakapanya kule Tunduru. Alikuwa amekaa pembeni ya tanuru lake amefunga, maana ilikuwa Ramadhani, anawatazama. Akashindwa kuvumilia. "Nyie watoto," akasema, "mnabeba matofali au mnabeba miguu? Simameni! Kila mtu asimame alipo. Tofali ndilo litembee."

Akawapanga mstari kutoka tanuruni mpaka juu. Tofali likaanza kupita mkono kwa mkono. Lakini wavulana kusimama tu, wanasinzia, wanatazama ndege. Kulikuwa na msichana aliyekuwa amemletea kaka yake togwa. Mzee Athumani akamwambia, "Binti, njoo hapa kwenye tanuru. Waite majina. Anayeitwa apokee." Msichana akawa anaita: fulani, lipokee! Fulani, lipokee! Huyo ndiye Dada wa Tanuru wa kwanza. Likidondoka tofali moja, Mzee Athumani alisimamisha mstari mzima, wote wakateremka, wakafyatua jingine. Wote, si aliyeangusha peke yake.

Na ile togwa? Wavulana waliona aibu kunywa mbele ya mtu aliyefunga. Wakaificha nyuma ya tanuru mpaka jua lilipozama, wakainywa pamoja naye alipofuturu. Ndiyo maana siku ya kiapo wavulana wapya hawagusi togwa mpaka tofali limefika, hata jua liwe kali namna gani.

Matofali yakaisha kabla ya mvua. Jumapili iliyofuata wavulana wakaja kusali, na bila kuambiwa na mtu wakajikuta wamesimama mstari mlangoni. Wamezoea. Mwalimu wa dini akawaambia, "Kama mmeshasimama, basi msitawanyike." Wakapewa kazi ya kuwachotea maji wagonjwa na kuwakatia kuni wajane. Hivyo ndivyo Kikosi cha Tofali kilivyoanza. Gwaride, filimbi na skafu nyekundu ya rangi ya udongo vilikuja baadaye, na kama hutaki ugomvi usiwaambie wavulana kwamba vilikuja baadaye.

Siku ya kiapo tunatumia tofali moja tu. Wavulana wapya wanasimama mstari toka uwanjani mpaka ngazi ya kanisa. Wa kwanza analishika juu ya viganja, mikono imenyooka mbele. Dada anasimulia, na kila akimaliza kipande anaita jina la anayefuata: lipokee! Tofali linasogea. Wa mwisho anampa dada mwenyewe, dada analiweka kwenye ngazi, watu wote wanasema Amina, wazazi wanawavisha watoto skafu. Likianguka popote njiani, kiapo hakiharibiki, lakini Kikosi kina deni: kinafyatua matofali ya kutosha kumjengea mtu mmoja wa kigango anayehitaji.

Sasa ujuzi wa kazi.

Asubuhi ya kiapo kunywa uji wa vuguvugu, usinywe soda. Nilikunywa soda mwaka wa pili, nikacheua katikati ya neno "Nakapanya", na mpaka leo kuna watoto wanaoniita Nakapanya.

Vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea. Kiatu kipya kinasema kuliko wewe.

Mtoto mchanga akilia, usishindane naye. Nyamaza, mtazame mama yake kwa upole, msubiri. Mtoto anapenda kulia juu ya sauti ya mtu. Akikuta kimya, anashangaa.

Usiende haraka kwa kuwaonea wavulana huruma. Kwa hili Dada Agripina alinigombeza sana. "Tofali lazima liumize mikono kidogo," alisema. "Lisipouma, watasahau." Lakini usichelewe pia. Juni hapa kwetu baridi inauma, vidole vinakufa ganzi, na tofali la kuchoma si mkate.

Na mambo ya teknolojia. Mwaka wangu wa tatu vijana walikuja na wazo. "Dada Yusta, kwa nini ujitese? Tukurekodi kwenye simu, tuunganishe na spika, siku ya siku tunabonyeza tu." Nilifurahi mno. Nikajirekodi chumbani, nimejifunika shuka, sauti nzuri kama ya redioni. Siku ya kiapo simu ikabonyezwa. Hadithi ikaenda vizuri mpaka kwa Mzee Athumani: "Nyie watoto, mnabeba matofali au..." Hapo simu ikaita. Muziki wa dansi ukalipuka kwenye spika, kigango kizima. Mvulana aliyekuwa ameshika tofali akaanza kutikisa mabega bila kujua. Mwenye simu akaipokea kwa mshangao, na sote tukamsikia mama mkwe wake akiuliza, "Yule kuku umeshamchinja?"

Katekista wetu, Mwalimu Luoga, ni mtu mkali wa uso na laini wa moyo. Alichomoa waya mwenyewe, akanigeukia akiwa anajizuia asicheke. "Dada wa Tanuru," akasema, "kuku ameshachinjwa. Endelea kwa mdomo." Nikaendelea kwa mdomo. Tangu siku hiyo hakuna aliyenitajia kurekodi.

Lakini mwaka huo wa tatu nilikuwa nimeshakuwa mzoefu. Nirudi kwenye mwaka wa kwanza, maana ndio ulionifundisha kazi.

Siku kumi zile Dada Agripina alinifundisha kila jioni. Hadithi nilikuwa naikumbuka vizuri. Shida haikuwa kichwa, ilikuwa koo. Mbele yake nilisema. Mbele yake na mama, nilisema kwa kunong'ona. Akaja Gaspari kusikiliza, nikanyamaza.

"Dada," Gaspari akaniambia nyumbani tukiwa tunamenya viazi, "ukishindwa sitakununia."

"Asante."

"Nitalia tu."

Ningependelea anune.

Jumapili ikafika. Misa ikaisha, watu wakatoka uwanjani na makoti na vitenge mabegani kwa ajili ya baridi. Wavulana wapya wakajipanga, kaptula zimepigwa pasi mpaka zinakata. Gaspari alikuwa katikati ya mstari. Mbele kabisa, kwenye kigoda chake alichokuja nacho kutoka nyumbani, alikaa Bibi Skolastika.

Lazima nikueleze Bibi Skola. Ni mjane, nyumba yake iko njiani ukiteremka kijitoni. Jiko lake lilikuwa limeanguka kwenye mvua za masika, na alikuwa anapikia nje, amezungushia mabati mawili. Kila mtu alijua kwamba tofali likianguka mwaka ule, jiko litakuwa lake. Naye hakuficha. Usiniulize kwa nini Kikosi kisimjengee hata bila tofali kuanguka. Mimi nilimuuliza kiongozi wao, akaniambia wako kwenye mchakato. Wavulana ni wavulana.

Filimbi ikapigwa. Nikaanza.

Banda la tumbaku lilitoka. Kipande cha tanuru kilitoka. Majina mawili, matatu, tofali likasogea. Nilikuwa nimekaza macho kwenye nguzo ya kengele kama nilivyofundishwa. "Gaspari, lipokee!" nikaita, na Gaspari akalipokea. Hapo nikafanya kosa. Nikashusha macho kumtazama mdogo wangu, nyuma yake nikaona nyuso za watu, zote zinanitazama mimi. Zote.

Maneno yakaondoka. Sikusahau, naomba uelewe. Nilikuwa nayaona, yako pale, kama mbuzi upande wa pili wa mto.

Kunguru akapita juu. Mikono ya Gaspari ikaanza kutetemeka. Kidogo. Halafu si kidogo.

"Dada," akanong'ona bila kusogeza midomo. "Dada, jamani."

Dada Agripina aliyekuwa nyuma yangu alikuwa hana ruhusa ya kunikumbusha. Ndivyo kanuni ilivyo. Nilimsikia tu akivuta pumzi. Mwalimu Luoga akashika kitabu chake cha sala kwa mikono miwili. Mama yangu akajiziba macho na kona ya kitenge.

Ndipo Bibi Skola akainuka nusu kwenye kigoda chake, akanyoosha kidole kwa Gaspari, na kusema kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde: "Mwacheni! Mtoto asisumbuliwe! Liachie tu, baba, liachie. Mungu anaona jiko langu!"

Watu wakaangua kicheko. Gaspari naye akacheka, tofali likaruka juu ya viganja vyake, akalidaka kwa kidevu. Na mimi, sijui ilitoka wapi, nikasema: "Bibi Skola, subiri kwanza! Hata kwenye togwa hatujafika!"

"Basi fikeni!" akajibu. "Mnanichelewesha!"

"Unajua togwa waliificha wapi?"

"Sijui. Niambie."

Nikamwambia. Nilimwambia yeye, Bibi Skola, kama mtu anayemsimulia bibi yake jikoni, isipokuwa jiko hakuwa nalo. Nikamweleza walivyoona aibu kwa Mzee Athumani, jua lilivyokataa kuzama, kaka mmoja alivyotumwa kuchungulia kama mtungi upo, akarudi na povu mdomoni akiapa kwamba hakuonja. Bibi Skola akawa anajibu, "Eeh! Mwongo mkubwa!" na mimi naendelea. Nikaita jina lililofuata, Gaspari akaliachia tofali kwa mwenzake na kushusha mikono kama mtu aliyeshushiwa gunia la mahindi. Jina lingine. Jina lingine. Sauti ikawa inakua bila kuisukuma.

Hiyo ndiyo siri ya kazi, na ningeweza kuandika hii tu nikaacha mengine yote. Usiwasimulie watu. Hakuna mtu anayeweza kuwasimulia watu. Tafuta mmoja, ikiwezekana mwenye mdomo, umsimulie yeye. Wengine watasogea wenyewe.

Mvulana wa mwisho akaniwekea tofali mikononi. "Matofali yakaisha kabla ya mvua," nikasema, "na wao hawakutawanyika." Hadithi ikawa imekwisha. Nilikuwa nimeimaliza. Mama yangu akapiga kigelegele, kile chake cha harusini, na akina mama wote wakamfuata, na mimi ambaye sijawahi kupiga kigelegele hata chooni, nilijaa furaha mpaka nikainua mikono miwili mdomoni nipige cha kwangu.

Mikono miwili. Yenye tofali.

Lilitua kwenye kona ya ngazi, likapasuka vipande viwili.

Vigelegele vikakatika. Tangu Kikosi kianze, wavulana wameangusha mara nyingi, lakini dada hajawahi. Watu wakamgeukia Mwalimu Luoga.

"Haihesabiki!" akapaza sauti mvulana mmoja mkubwa, aliyekuwa ameshaona tope linakuja. "Ameangusha Dada, si Kikosi!"

"Inahesabika!" akasema Bibi Skola, ameshasimama wima.

Mwalimu Luoga akainama, akaokota vipande viwili, akavitazama kama daktari wa mifupa. "Tofali," akasema taratibu, "halijauliza limeangushwa na nani. Limeanguka."

Bibi Skola alianza kucheza lizombe, dansi yetu ya Wangoni, pale pale bila ngoma, kitenge kimefungwa kiunoni, na wavulana wakubwa, walioguna kwanza, wakaanza kumpigia makofi. Watu wakasema Amina wakicheka. Mama akamvisha Gaspari skafu. Mikono yake ilikuwa bado inatetemeka, ikabidi mama amnyweshe togwa kama mtoto mchanga, na hakuona aibu hata kidogo.

"Dada," akaniambia akifuta mdomo, "umemaliza."

"Nimemaliza."

"Na umevunja."

"Na nimevunja."

Dada Agripina alinikumbatia mpaka nikakosa hewa. Nikamuuliza kama nimeharibu kazi. Akasema, "Kazi ni yako sasa, mimi naenda chuo," na hilo ndilo jibu lote nililopata.

Kesho yake asubuhi niliamka kabla ya Gaspari, nikachukua jembe nyuma ya nyumba, nikateremka njia ya kijitoni peke yangu. Umande ulikuwa baridi kama barafu. Kwa Bibi Skola moshi ulikuwa unatoka katikati ya yale mabati mawili. Nilisimama kwenye ua wake, na hakukuwa na mtu wa kumtuma.

"Hodi, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kufanya nini na jembe alfajiri yote hii?"

"Nimekuja kukuuliza mlango wa jiko uangalie wapi."

Akaacha kukoroga uji. Akanyoosha mwiko kuelekea njia. "Njiani," akasema. "Nione nani anapita na nani." Nikapima kwa hatua, nikachora mstari ardhini kwa ncha ya jembe: ukuta, ukuta, mlango, ukuta. Bibi Skola akaingia ndani ya ule mstari, akageuka huku na huku na mwiko mkononi, akajifanya anainama kwenye mafiga, akajifanya anafungua mlango.

"Padogo," akasema. "Na wewe ukija kunisimulia utakaa wapi?"

Nikafuta mstari kwa mguu, nikarudi nyuma hatua mbili, nikachora upya.